Viwiko Vinne vya Timu Moja

Mama mdogo wangu ana pengo la mbele, upande wa kushoto, na analitunza kama wengine wanavyotunza kikombe cha ubingwa. Daktari wa meno alimwambia zamani kwamba angeweza kulijaza. Alikataa. Alisema jino lile lilimtoka akiwa kazini, na alama ya kazi haifutwi.

Kazi yenyewe ilikuwa mpira wa kikapu. Tulikuwa tukiishi Nairobi wakati huo, kwa sababu ya vita vya kwetu, na yeye ndiye aliyenilea. Kampuni moja ilimwajiri kama karani, lakini sidhani kama karani huyo aliwahi kugusa karatasi. Asubuhi alikimbia, mchana alilala, jioni alicheza, na mwisho wa mwezi alilipwa. Nilikua nikimwona akirudi nyumbani na magoti yaliyochubuka, anajimwagia maji ya chumvi huku akiimba, na mimi nikadhani hivyo ndivyo watu wazima wote wanavyotoka kazini.

Hadithi ya jino niliisikia mara nyingi kuliko hadithi yoyote ya Biblia. Ilikuwa fainali, dhidi ya klabu ya Kampala. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke mkubwa kama kabati. Wakaruka pamoja, kabati likamshushia kiwiko mdomoni, jino likang'oka. Mama Mdogo alilitema mkononi, akampa kocha amshikie, akarudi kukaba. Katika hadithi hiyo yule mwanamke alizidi kunenepa mwaka hadi mwaka, na damu ilizidi kumwagika, lakini kocha alilishika jino lile siku zote.

Sasa tumerudi kwetu Juba, mtaa wa Munuki, na mimi ndiye ninayelipwa kucheza. Klabu yetu si tajiri, ila mshahara unafika, na kwangu hiyo ni ajira kama ajira nyingine. Kocha wetu ni mtu wa utulivu. Anatufundisha kupumua. Anatufundisha kwamba ngumi moja inaweza kukutoa uwanjani kwa msimu mzima na kukuacha bila kazi. Ugomvi ukizuka uwanjani, walio kwenye benchi wasiinuke hata kidogo, kwa sababu anayetoka kwenye benchi kuelekea kwenye ugomvi anafukuzwa hata kama alikwenda kuamua. Tumelifanyia mazoezi jambo hilo. Kocha na msaidizi wake wanajifanya kupigana katikati ya uwanja, na sisi tunakaa, tumekalia viganja vyetu, kama watoto wa chekechea wanaosubiri uji.

Mama Mdogo anakuja kunitazama kila mechi, na kila mechi anarudi nyumbani amenuna.

"Leo ulimgonga yule msichana akaanguka," aliniambia jioni moja, akiikunja kisra, mkate mwembamba wa mtama, na kuichovya kwenye mchuzi.

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Halafu ukampa mkono ukamwinua."

"Ndiyo."

"Halafu ukamwomba msamaha. Nilikuona mdomo ukisogea. Nilitaka kuingia chini ya kiti."

Nilimwambia kuwa ilikuwa bahati mbaya. Akasema kwamba enzi zao hakukuwa na bahati mbaya, kila kitu kilikuwa makusudi, na ndiyo maana watu walijaa kutazama.

Basi klabu ikapata sakafu mpya. Uwanja wetu wa zamani ulikuwa umepasuka hadi mpira ukidunda unakwenda unakotaka wenyewe. Walipomaliza kuutengeneza na kuupaka rangi, viongozi wakaamua kuufungua kwa mechi ya furaha: sisi dhidi ya wakongwe, wanawake wa hapa Juba waliowahi kulipwa kucheza zamani, iwe Nairobi, Khartoum au Kampala. Nilipoleta habari hiyo nyumbani, Mama Mdogo alikuwa anaanua nguo. Aliziacha kwenye kamba akaingia ndani kutafuta raba.

Tangu siku hiyo Munuki haikupata utulivu. Alikuwa akitoka alfajiri, suruali ya mazoezi ndani, lawa, kitambaa cha begani, imefungwa juu yake kwa heshima, anakimbia kutoka getini kwetu hadi stendi ya bodaboda na kurudi. Vijana wa bodaboda walianza kumpigia honi. Baadaye wakaanza kumsubiri. Mwishowe mmoja wao akawa anamfuata polepole na pikipiki, akimhesabia kwa sauti kama kocha wa ndondi. Mama Mdogo ana umri wa kuitwa bibi, na wajukuu anao, lakini wiki zile alitembea kama mtu aliyeahidiwa harusi.

Tatizo la wakongwe lilikuwa urefu. Walikuwa na mlinzi mzuri, nahodha wao, mama mmoja aliyechezea Khartoum na sasa anaongoza kwaya. Walikuwa na wafungaji. Zaidi ya Mama Mdogo hawakuwa na mtu wa kugombea mpira chini ya kikapu. Kocha akaniomba nisaidie kutafuta. Yule kijana wa bodaboda ndiye aliyenielekeza.

"Nenda soko la Custom," aliniambia. "Kuna mama Mganda anauza mabeseni na masufuria. Ukimwona utamjua. Na usibishane naye bei."

Nilimwona kabla sijafika. Kibanda chake kilikuwa na mabeseni yaliyopangwa kwenda juu hadi kwenye bati, na yeye alikuwa anayachukua ya juu kabisa bila kupanda kitu. Mteja mmoja alisimama mbali kidogo akiulizia beseni jekundu. Mama yule alilivuta bila kuangalia, akalirusha kwa mkono mmoja juu ya vichwa vya watu wawili, na likatua kifuani mwa mteja taratibu kama mtoto aliyelala.

Nilimwamkia, nikajieleza. Alinitazama kuanzia raba hadi nywele.

"Wewe iko mtu ya basketi?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Na nimesikia wewe ulicheza Kampala."

"Nilicheza, nikalipwa. Kampala yote ilikuwa najua mimi." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini sasa mimi iko mzee, mtoto yangu. Goti moja iko nasema ndiyo, ingine iko nasema hapana."

"Tunahitaji lile linalosema ndiyo."

Alicheka hadi mabeseni yakatikisika. Akaniuliza mechi ni lini, nikamwambia ni Jumamosi mchana. Akaniuliza wachezaji wengine ni akina nani. Nilimtajia mama wa kwaya, nikamwambia pia kwamba mama mdogo wangu aliwahi kucheza Nairobi. Hakuuliza zaidi. Nairobi ina klabu nyingi, na mimi nami, niliyeisikia hadithi ya kabati tangu nikiwa na meno ya maziwa, sikuwaza kabisa. Kwangu mimi yule mwanamke wa fainali alikuwa kama jitu la kwenye ngano. Ungewezaje kumkuta jitu akiuza sufuria Custom?

Jumamosi ilipofika, uwanja ulijaa mapema. Walikuja wenye maduka wa mtaa wa Hai Cinema, walikuja Waganda wa Custom na vuvuzela, ikaja stendi nzima ya bodaboda ya Munuki. Nilikuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo nikimsaidia Mama Mdogo kufunga kamba za raba, kwa sababu kuinama kunampa taabu, mlango ulipozibwa na mtu.

Mama Mdogo aliinua uso.

"Wewe," akasema.

"Na wewe iko hai," akajibu yule mama wa mabeseni.

Niliona mkono wa Mama Mdogo unapanda wenyewe hadi mdomoni, kwenye pengo. Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nusu yangu ilijaa hofu, na nusu nyingine, naomba nisihukumiwe, furaha tupu. Ni kama mtu aliyesomewa ngano maisha yake yote halafu jitu linaingia mlangoni limevaa jezi.

Mama wa kwaya aliona haraka kwamba kuna jambo. Akawashika wote wawili mikono, akaiunganisha, akasema kwa Kiarabu chetu cha Juba, "Khalas, dada zangu. Leo sisi ni kitu kimoja." Wakapeana mikono. Walipeana kwa muda mrefu, na nadhani kila mmoja alikuwa anabana.

Mechi ikaanza, na sijawahi kuteswa vile kwa raha vile. Tulikuwa tumekubaliana kuwaheshimu wakongwe, tusikimbie sana. Heshima ile ilituponza. Senta wetu, msichana mrefu mwenye nguvu, alipita mara ya kwanza chini ya kikapu akakutana na nyonga ya Mama Mdogo. Alisimama kama mtu aliyegonga ukuta gizani. Mara ya pili akakutana na nyonga ya mama wa mabeseni, na safari hiyo aliketi. Mimi nilijaribu kupita katikati yao na nikatoka upande wa pili bila mpira, bila kujua umetolewa na nani. Refa hakuona kosa lolote. Wakongwe wana ufundi wa kukuumiza huku wanamtazama refa kwa macho ya Mkristo.

"Umeona?" Mama Mdogo alininong'oneza tukirudi. "Huo ndiyo mpira."

Nilikuwa nacheka huku nakimbia, na pumzi ikanikatika. Wenzangu pia walianza kucheka. Hatukuwa tukicheka hivyo kwenye mechi. Mechi kwetu ni kazi, kila kosa linarekodiwa, kila hasira inazimwa mapema kabla haijageuka barua ya onyo. Na hawa mama wanatusukuma kama magunia ya unga na kutukonyeza.

Kulikuwa na kasoro moja tu, na watazamaji waliigundua kabla ya mapumziko. Mama Mdogo na mama wa mabeseni hawapeani pasi. Mmoja akiwa peke yake kabisa chini ya kikapu, mkono juu, anaita, mwenzake anazunguka na kumpa mtu mwingine. Waganda wakaanza kupiga kelele upande wao, Munuki wakajibu. Wakongwe walikuwa wanaongoza hata hivyo.

Katika robo ya tatu kocha alinitoa nipumzike, nikaketi kwenye benchi. Mmoja wetu akarusha, mpira ukagonga chuma, ukapanda. Chini yake wakaruka watu wawili, wote wa timu moja, na wote wawili wakaudaka.

"Achia," akasema Mama Mdogo.

"Achia wewe."

"Nimeudaka mimi."

"Mikono yangu iko wapi? Angalia. Iko kwa mpira."

Hakukuwa na adui karibu. Wasichana wetu walikuwa wamerudi nyuma kujilinda, wakidhani shambulio limekwisha. Wakongwe hawa wawili walivuta huku, wakavuta kule, wakazunguka kama watu wanaocheza ngoma, kisha nikaona kiwiko cha Mama Mdogo kinatoka. Kiwiko cha mama wa mabeseni kikajibu. Mpira ukaruka ukaenda zake kwenye meza ya waamuzi, wala hakuna aliyeujali. Viwiko vyote vinne vilikuwa kazini.

Refa alipiga filimbi. Alikuwa kijana mwembamba ambaye ndiyo kwanza amepata cheti. Akapiga tena. Akakimbia hadi karibu nao, akasimama, akainua mkono kutoa ishara, kisha mkono ukabaki hewani kwa sababu hakujua aelekeze wapi.

"Mnagombana na nani?" akawauliza.

"Na huyu," akasema Mama Mdogo.

"Lakini huyu ni wa timu yenu."

"Kwa leo tu."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Refa akageuka kuangalia meza, meza ikamwangalia yeye. Na sisi, wataalamu wa utulivu, tulifanya tulivyofundishwa. Walio uwanjani waliondoka mbali na ugomvi, wakasimama mstari mmoja. Walio kwenye benchi walikalia viganja. Wakongwe wengine walikuwa wameinama wanashika mbavu kwa kucheka. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwaamua mama wawili wenye shinikizo la damu, ambao sasa walikuwa sakafuni, wameshikana jezi, wanagaagaa juu ya rangi mpya.

Niliona mguu wa Mama Mdogo hewani. Sikufikiri. Niliinuka.

"Kaa," kocha akasema kwa utulivu wake wote.

Sikukaa. Nilikimbia nikajitumbukiza katikati yao, mkono mmoja huku, mwingine kule, nikisema jamani, jamani, wazazi wangu, na kabla sijamaliza, kitu kizito kikatua juu ya mdomo wangu. Mpaka leo sijui kilikuwa cha nani. Nililala chali nikitazama anga. Nilionja damu kidogo, yenye ladha ya chuma, na badala ya uchungu nikasikia kitu kinapanda kutoka tumboni, kikanitikisa mabega, kikatoka kwa sauti. Nilikuwa nacheka. Nilicheka hadi machozi yakaingia masikioni.

Wale wawili waliacha kupigana wakaniinamia.

"Ameumia?" akauliza mama wa mabeseni.

"Fungua mdomo nione," Mama Mdogo akaniamuru. Akanikagua meno moja moja kwa kidole chake. Yote yalikuwepo. Alionekana kufarijika, na pia kusikitika kidogo.

Refa alikuwa amepata ujasiri. Aliwafukuza wote wawili kwa kupigana. Kisha akanigeukia mimi, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akanifukuza kwa kutoka kwenye benchi. Katika maisha yangu yote ya mpira sikuwahi kufukuzwa. Nilitarajia aibu. Lakini Mama Mdogo alinishika mabega, uso wake uking'aa kama siku ya ubatizo wangu.

"Umefukuzwa," akaniambia, kana kwamba nimefaulu mtihani. "Mwanangu umefukuzwa."

Tukatoka watu watatu, Munuki na Custom wakitupigia vuvuzela.

Nyuma ya ukuta wa uwanja kuna rakuba ya mama anayeuza chai, kibanda cha nguzo na nyasi tu, na viti vya plastiki. Tuliketi hapo. Mama wa chai alitutazama, akatuletea chai yenye tangawizi nyingi bila kuulizwa, na kitambaa chenye maji baridi kwa ajili ya mdomo wangu.

"Ulinitoa jino," Mama Mdogo akasema hatimaye.

Mama wa mabeseni aliweka glasi chini. Akakunja mkono wa fulana yake ya ndani hadi juu ya kiwiko. Palikuwa na kovu la nusu duara, vidoti vidoti, limepauka kwa umri.

"Hii nani alifanya?" akauliza. "Panya?"

Mama Mdogo alilitazama.

"Uliniuma," mama wa mabeseni akaendelea. "Mpira iko juu, watu iko nacheza, wewe iko nakula mimi. Nikavuta mkono yangu. Jino ikakuja na mkono. Daktari ya Kampala ndiyo alitoa, na chuma. Alinipigia sindano ya mtu kama ameumwa na mbwa."

Kutoka uwanjani ulisikika mlio wa filimbi na watu wakishangilia kitu. Mimi niliondoa kitambaa mdomoni.

"Mama Mdogo, si ulisema ulimpa kocha akushikie?"

"Kunywa chai," akasema.

Lakini pembe ya mdomo wake ilianza kucheza. Aliibana, ikacheza zaidi. Mama wa mabeseni naye alikuwa anamwangalia, shingo imevimba kwa kujizuia. Nani aliyeanza, siwezi kusema. Walicheka wakaegemeana, wakalia, wakapigana mapaja, kiti kimoja kikavunjika mguu na Mama Mdogo akaenda chini, na mwenzake akamvuta kwa mkono uleule wenye kovu. Kila walipokaribia kunyamaza mmoja alisema "na mbwa", na wakaanza upya. Mama wa chai alicheka bila kujua sababu. Mimi mdomo ulikuwa unauma kila ninapocheka, na sikuweza kuacha.

Wakongwe walishindwa, bila shaka, baada ya kubaki bila warefu. Mama wa kwaya alikuja kwenye rakuba amevua raba, akawasema wote wawili kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, na kwa kidole. Wakamsikiliza wameinamisha vichwa kama wasichana wa shule. Kocha wetu alikuja baadaye. Aliutazama mdomo wangu uliovimba, akanikumbusha kanuni, akaniambia nitakosa mechi ijayo. Kisha akamgeukia mama wa mabeseni na kumwuliza, kwa heshima nyingi, kama angeweza kuja mazoezini siku moja kumwonyesha senta wetu namna ya kutumia nyonga bila refa kuona.

Mechi ile niliyoikosa niliitazama kutoka kwa watazamaji, nimebanwa katikati ya hao wawili. Walibishana mwanzo mpaka mwisho. Senta wetu alipopigwa kikumbo kibaya, wote wawili walishika pumzi wakisubiri ajibu. Hakujibu. Alimtazama yule aliyempiga, akatabasamu, na katika mashambulizi matatu yaliyofuata akamfunga juu ya kichwa, mara ya tatu bila hata kutazama kikapu.

Wakongwe wangu wawili waliinamia mbele.

"Huyu," mama wa mabeseni akasema, "huyu ni mbaya kuliko sisi."

"Mbaya sana," Mama Mdogo akakubali, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia akizungumzia kizazi chetu.

Mechi ilipokwisha walikataa niwasindikize. Walisimamisha raksha moja, bajaji ya huku kwetu, barabarani, wakaingia wote wawili nyuma, watu wawili ambao kila mmoja alihitaji raksha yake. Dereva aliomba mmoja ashuke. Hawakumsikia, walikuwa wanabishana ni nani alikaba vizuri zaidi enzi hizo. Akawasha injini. Raksha ikaondoka kuelekea Custom, imelalia upande mmoja, magoti yao yametokeza nje kushoto na kulia, na watu wa barabarani wakiyakwepa.